Shirley Weber: mbunge aliyerudia somo hadi lieleweke

Shirley Weber alipochaguliwa kuingia Bunge la Jimbo la California mwezi Novemba 2012 alikuwa na umri wa miaka 64, na alikuwa amefundisha chuo kikuu kwa takriban miaka 40. Mwalimu anayeingia bungeni kwa kawaida hutarajiwa awe msemaji wa walimu: hupangiwa kamati ya elimu, hudai mishahara na vitabu, na mijadala mingine huwaachia wanasheria na wafanyabiashara. Weber hakukubali kuwekwa hapo. Miswada iliyompa jina ilihusu matumizi ya silaha za polisi, haki ya kupiga kura na fidia ya utumwa, na alipoigusa elimu mara kadhaa aliwaudhi walimu wenyewe. Kwa hiyo wanaomsifu kwa kuwa mwalimu aliyepigania elimu wananasa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Ualimu wake ulionekana katika namna alivyotunga sheria: alijua kwamba somo gumu halieleweki kwa kufundishwa mara moja, na hakuridhika na wastani wa darasa pale alipojua kuwa wastani huo unamficha mtoto aliyeachwa nyuma.

Historia yake inaeleza sehemu ya msimamo huo. Alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Hope, jimbo la Arkansas, akiwa mtoto wa sita kati ya wanane wa mkulima aliyelima ardhi ya mwingine kwa kugawana mavuno. Alipokuwa na miaka mitatu familia ilikimbilia Los Angeles, baada ya baba yake kukorofishana na mkulima mweupe na maisha yake kuwekwa hatarini na genge la wauaji. Walikaa katika nyumba za umma za Pueblo del Rio. Baba ambaye Arkansas ilimnyima kura alipiga kura California, na Weber amesimulia mara nyingi jinsi mama yake alivyokuwa akiondoa samani sebuleni siku za uchaguzi ili nyumba yao iwe kituo cha kupigia kura. Alisoma Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akapata shahada zake zote tatu hapo, ya uzamivu akiwa na miaka 26. Kabla ya kuikamilisha, mwaka 1972, alikuwa amekwisha kuanza kufundisha Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego.

Somo alilolifundisha lilikuwa changa na lenye maadui. Masomo ya Waafrika na Wamarekani weusi yalikuwa yameingia vyuoni kwa mapambano. Mgomo wa wanafunzi wa Chuo cha Jimbo cha San Francisco, ulioanza Novemba 1968 na kumalizika Machi 1969, ndio uliofungua mlango katika California. Ulikuwa pia wakati ambapo Kiswahili chetu kilivuka bahari na kupata maana mpya kusini mwa jimbo hilo: Maulana Karenga alikuwa ameanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko Los Angeles mwaka 1966, yenye misingi saba inayotajwa kwa maneno kama umoja, ujima, ujamaa na kuumba. Weber alikuwa miongoni mwa waliojenga idara ya somo hilo San Diego. Mhadhiri wa hesabu haulizwi kila mwaka kwa nini hesabu ifundishwe, lakini mhadhiri wa somo hili aliulizwa, na kila mara ilimbidi ajibu mbele ya watu walioshika bajeti na wasiokuwa na haraka ya kushawishika. Sidhani kama kuna chuo kingine cha siasa ambacho kingemfaa zaidi.

Kati ya mwaka 1988 na 1996 alikuwa pia mjumbe wa bodi ya shule za San Diego, wilaya ya elimu ya pili kwa ukubwa katika jimbo zima. Kipindi hiki hupitwa haraka katika wasifu wake, nami naona hapo ndipo alipojitenga na wanasiasa wengine waliotoka katika ualimu. Mjumbe wa bodi ndiye mwajiri. Ndiye anayeidhinisha bajeti, anayekaa upande wa pili wa meza chama cha walimu kinapodai nyongeza, na ndiye anayesomewa matokeo ya mitihani yakiwa yamegawanywa kwa shule na kwa makundi ya wanafunzi. Mtu aliyeyasoma matokeo hayo kwa miaka minane, akaona shule zile zile na watoto wale wale wakirudi chini ya orodha, hawezi tena kuamini kwamba kila jambo jema kwa mwalimu ni jema kwa mwanafunzi.

Imani hiyo ilijaribiwa mwaka 2017. Sheria ya California humpa mwalimu mpya majaribio ya miaka miwili kabla ya kuthibitishwa kazini, na kwa kuwa taarifa lazima itolewe mwezi Machi wa mwaka wa pili, mwalimu mkuu huamua akiwa amemwona mwalimu huyo darasani kwa muda mfupi zaidi ya hapo. Weber alileta muswada wa kuongeza muda wa majaribio hadi miaka mitatu. Hoja yake ilikuwa na sura mbili: mwalimu dhaifu asiharakishwe kupewa ulinzi, na mwalimu anayechipukia asiachishwe kazi kwa sababu tu mkuu wake bado ana shaka. Chama cha Walimu cha California, ambacho ni miongoni mwa wafadhili wenye nguvu kubwa zaidi wa chama cha Democratic, kilipinga. Muswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, ukakwama Seneti, na haukufika mezani kwa gavana. Mwanachama wa Democratic kupingana na chama hicho cha walimu ni jambo la gharama, na wengi waliokuwa wakikubaliana naye faraghani hawakuthubutu. Yeye aliweza kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia kwamba haelewi darasa.

Hata hivyo, ni sheria ya polisi iliyoonyesha vizuri zaidi namna alivyofanya kazi. Tarehe 18 Machi 2018, polisi wa Sacramento, mji mkuu wa jimbo, walimpiga risasi na kumuua Stephon Clark, kijana mweusi wa miaka 22, akiwa nyuma ya nyumba ya bibi yake na mkononi akiwa na simu tu. Kifungu cha sheria ya California kilichoeleza lini polisi anaruhusiwa kuua kilikuwa kimeandikwa mwaka 1872. Kwa tafsiri ya mahakama zilizofuata, swali lililoulizwa baada ya kila kifo lilikuwa kama polisi mwingine, akiwekwa mahali pale katika dakika ile, angeweza kuona kitendo hicho kuwa cha busara. Mwezi Aprili mwaka ule Weber na mwenzake Kevin McCarty wa Sacramento walileta muswada wa kubadili swali lenyewe, ili iulizwe kama kuua kulikuwa kwa lazima. Vyama vya polisi vilipinga kwa nguvu zote. Kufikia mwisho wa Agosti muswada ulikuwa umezikwa katika kamati ya Seneti.

Mwaka uliofuata aliurudisha ukiwa na namba mpya, AB 392. Tofauti kati ya jaribio la kwanza na la pili inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapo ndipo tabia ya darasani inaonekana. Mwanasiasa wa kawaida anaposhindwa hutafuta kura zaidi. Weber alitafuta pia kujua wasikilizaji wake walipopotea. Miezi ya katikati ilijaa vikao vya kueleza neno moja moja: kwamba lazima haimaanishi polisi asubiri kupigwa risasi, na kwamba mwenendo wa polisi kabla ya kufyatua, kama vile kukimbilia mahali alipoweza kusimama mbali, ni sehemu ya tukio na unastahili kupimwa pamoja nalo. Familia za waliouawa zilikaa katika kumbi za kamati, zikatembelea ofisi za wabunge, zikasema majina ya watoto wao mbele ya watu waliokuwa wakiyasoma katika karatasi tu. Alikuwa pia na msingi alioujenga mapema: mwaka 2015 muswada wake mwingine ulikuwa umelazimisha vyombo vya polisi kukusanya na kutoa takwimu za kila mtu wanayemsimamisha njiani, pamoja na rangi yake kwa kadiri polisi anavyoiona. Kwanza ushahidi uwekwe mezani, kisha mjadala uanze.

Mwezi Mei 2019 ilikuja bei. Ili vyama vya polisi viondoe upinzani, maelezo ya kina ya neno lazima yaliondolewa katika muswada, pamoja na sharti la wazi la kujaribu kwanza kutuliza hali. Vuguvugu la Black Lives Matter, lililokuwa limeunga mkono tangu mwanzo, lilijitoa. Muswada ulipita katika Baraza la Wawakilishi bila kura ya kupinga, ukapita Seneti, na Gavana Gavin Newsom akautia saini tarehe 19 Agosti 2019. Tangu tarehe 1 Januari 2020 polisi wa California anaruhusiwa kutumia nguvu ya kuua pale tu inapokuwa lazima kuokoa maisha, na mahakama inatakiwa kuangalia tukio zima, ukiwamo mwenendo wa polisi kabla ya kufyatua.

Je, alikubali pungufu kuliko alivyoweza kupata? Waliojitoa walikuwa na hoja. Neno lisilofafanuliwa katika sheria hufafanuliwa na majaji, na majaji wa Marekani kwa miongo kadhaa walikuwa wamelifasiri kila neno la aina hiyo kwa faida ya polisi. Lakini nikipima, naona alichagua vizuri. Sentensi mbili alizokataa kuziachia, ile ya lazima na ile ya mwenendo wa kabla, ndizo zilizobeba uzito wa muswada. Maelezo yaliyofutwa yangezisaidia, ila yasingeweza kuchukua nafasi yake. Na kama angekataa mapatano, sheria ya mwaka 1872 ingeendelea kutumika huku kila mtu akiwa na msimamo wake ulio safi.

Mwaka 2020 ulimkuta akiwa mwenyekiti wa umoja wa wabunge weusi wa jimbo, na mauaji ya George Floyd mikononi mwa polisi mwezi Mei yalifungua masikio yaliyokuwa yamezibwa. Alipitisha AB 1460, inayomtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, uliokuwa na matawi 23 na wanafunzi zaidi ya 450,000, asome somo moja la uniti tatu kuhusu Wenyeji wa Marekani, Wamarekani weusi, Wamarekani wenye asili ya Asia au Walatino. Uongozi wa chuo ulipinga, ukidai kwamba bunge halipaswi kuandika mtaala, na mwezi Julai ukapitisha sharti lake lenyewe lililo pana kiasi kwamba mwanafunzi angeweza kulitimiza bila kusoma habari za hata kundi moja kati ya hayo manne. Hoja ya uhuru wa chuo ni nzito, na ningeiunga mkono katika mambo mengi. Hapa inapungua nguvu, kwa sababu madai ya kulifanya somo hili kuwa la lazima yalikuwa yakitolewa na wahadhiri wake, ndani ya chuo hicho hicho, kwa muda wa nusu karne. Mtu aliyeyasikia kwa miaka 40 akiwa mwajiriwa alikuwa na haki ya kuyakumbuka alipokuwa mbunge. Gavana alitia saini tarehe 17 Agosti 2020.

Mwezi uliofuata ilisainiwa AB 3121, iliyounda kikosi kazi cha watu 9 cha kuchunguza fidia kwa Wamarekani weusi, cha kwanza cha aina yake kuundwa na jimbo lolote nchini humo. Ripoti yake ya mwisho ilitoka Juni 2023. Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani watakuwa wameliona: kikosi kilipogawanyika kuhusu nani astahili, Weber alikwenda kutoa ushuhuda kwamba fidia iwe kwa wazao wa waliokuwa watumwa na watu weusi huru wa karne ya 19 nchini humo, na hoja hiyo ikashinda mwezi Machi 2022 kwa kura 5 dhidi ya 4. Mkongo au Mtanzania aliyehamia California hakuhesabiwa. Wapo walioona hilo ni kuwagawa watu weusi. Mimi naona ni kusoma deni jinsi lilivyoandikwa: lilifanywa na taifa fulani, dhidi ya watu fulani, na mhamiaji ana madai yake mengine ambayo hayahitaji kujibanza ndani ya haya.

Lakini ukitaka kumwona mwalimu huyu kikamilifu, fuata suala la fedha za shule, ambalo halikuvuta kamera na ambalo hakulishinda. Mwaka 2013, chini ya Gavana Jerry Brown, California ilibadilisha namna ya kugawa fedha za shule. Kila wilaya hupata kiasi kwa kila mwanafunzi, kisha huongezewa asilimia 20 kwa kila mtoto wa familia maskini, kila anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili, na kila aliye chini ya ulezi wa serikali. Ni mfumo mzuri, na Weber aliukubali kwa jumla. Alichokiona, kwa jicho la mjumbe wa bodi, ni kwamba wanafunzi weusi kama kundi ndio waliokuwa na matokeo ya chini zaidi katika mitihani ya jimbo, na kwamba baadhi yao hawakuwa maskini kwa vipimo vya serikali, walizaliwa wakizungumza Kiingereza na walikaa na wazazi wao. Mtoto kama huyo aliweza kuachwa nyuma miaka yote ya shule bila kuongezewa hata senti moja.

Dawa iliyo rahisi ingekuwa kumtaja katika sheria. Haikuwezekana, kwa sababu mwaka 1996 wapiga kura wa California walikuwa wamepitisha Pendekezo 209, linalozuia serikali ya jimbo kumpendelea mtu kwa sababu ya rangi katika ajira, zabuni na elimu ya umma. Kwa hiyo mwaka 2018 Weber aliandika muswada kwa lugha ya kuzunguka: nyongeza itolewe kwa kundi la wanafunzi lenye matokeo ya chini zaidi ambalo bado halijaongezewa, bila kusema ni nani. Kila mtu bungeni alijua. Muswada haukuwa sheria; badala yake bajeti ya mwaka ule ilitenga dola milioni 300 za mara moja tu kwa wanafunzi wenye alama za chini, wa rangi yoyote. Mwaka 2019 alirudi nao tena, tena bila mafanikio.

Hapo akaamua kwenda kwenye mzizi. Mwaka 2020 aliliongoza Bunge kupeleka kwa wananchi pendekezo la kuifuta marufuku ya mwaka 1996, likapewa namba 16 katika karatasi ya kura. Lilianguka. Asilimia 57 walilikataa, katika uchaguzi ule ule ambao Joe Biden alipata zaidi ya asilimia 63 ya kura za jimbo hilo. Matokeo hayo yanasema jambo ambalo wafuasi wa Weber hawapendi kulikiri: mwezi Agosti alikuwa ameifundisha Sacramento, lakini miezi michache haikutosha kuwafundisha wapiga kura zaidi ya milioni 17, na kampeni ilianza ikiwa imechelewa, wakati wa janga la korona, kwa maneno ambayo wengi waliyasoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya kura. Mtu aliyekuwa na subira katika kila jambo lingine aliharakishwa na mwaka wenyewe. Alidhani, kama wengi wetu, kwamba masikio yaliyofunguliwa mwezi Mei yangebaki wazi hadi Novemba.

Hakupata nafasi ya kujaribu tena akiwa mbunge. Desemba 2020 gavana alimteua kuwa Katibu wa Jimbo, ofisi inayosimamia uchaguzi, akaapishwa tarehe 29 Januari 2021, mtu mweusi wa kwanza kuishika. Ni cheo kinachomfaa mtoto wa sebule iliyokuwa kituo cha kura, na mwaka 2022 wananchi walimchagua kukishika kwa kura zao wenyewe. Kiti chake cha ubunge kilichukuliwa katika uchaguzi mdogo na binti yake, Akilah Weber, daktari wa magonjwa ya wanawake. Mtu anaweza kuona hapo urithi wa kifamilia, na swali hilo ni halali katika demokrasia yoyote. Binti aliuchukua pia ule muswada wa fedha za shule. Mwaka 2022 aliuwasilisha upya akiwa na mwenzake Mike Gipson, ukafika mbali, kisha ukaondolewa mwezi Agosti wanasheria walipoonya kwamba ungegonga ile marufuku ya mwaka 1996, na gavana akaahidi njia nyingine.

Njia hiyo iliingia katika bajeti ya mwaka 2023: dola milioni 300 kila mwaka kwa shule zenye umaskini mkubwa na wanafunzi wanaohamahama. Fedha hizo ni za kudumu, tofauti na zile za mwaka 2018, na zitawafikia watoto wengi wanaozihitaji. Ila zinafuata shule, na kipimo chake ni umaskini. Mtoto mweusi wa familia ya kipato cha kati, katika shule ya kipato cha kati, anayefika darasa la nane bila kuweza kusoma vizuri, ambaye ndiye aliyekuwa kiini cha muswada wa mwaka 2018, bado hayumo. Mwanasiasa mwingine angehesabu dola milioni 300 kwa mwaka kuwa ushindi na kulifunga jalada. Tangu uchaguzi wa Novemba 2024 binti huyo ni seneta wa jimbo, Pendekezo 209 bado ni sehemu ya katiba ya California, na matokeo ya mitihani yanaendelea kutolewa kila mwaka yakiwa yamegawanywa kwa makundi, ili yeyote anayetaka kuyasoma ayasome.